Usianze kufuta: kwanza jua maneno ya siri yamelala kwa nani

Swali: "Kaka, nina steshenari Sinza, kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi. Kijana aliyekuwa ananisaidia kwa miaka miwili ameondoka mwezi uliopita, na tuliachana vizuri tu. Juzi nilikuwa naingia TRA kwenye kompyuta ya kaunta, nikabonyeza kisanduku cha jina, yakashuka majina ya watu hata siwajui. Nikafuatilia kwenye mipangilio ya Chrome, nikakuta maneno ya siri 340: yangu, ya wateja, na mengine ya kijana mwenyewe. Nifute yote? Na huyo kijana huko aliko bado anayaona? Mume wangu anasema ninunue kompyuta mpya tu, niachane na hii habari."

Jibu:

Dada, hiyo hela ya kompyuta mpya iache kwanza benki. Ukinunua mpya leo, ukaingia Chrome kwa akaunti ileile, yale 340 yanaweza kushuka yenyewe kabla hujamaliza kuunganisha printa. Mwambie shemeji kwamba tatizo huenda halikai ndani ya lile boksi. Na kitufe cha kufuta nacho usikiguse bado, maana jibu la "nifute?" linategemea jambo moja ambalo hukuniandikia: Chrome ya kaunta imefunguliwa kwa imeili ya nani?

Angalia juu kulia mwa dirisha la Chrome, jirani na vile vinukta vitatu. Kuna kiduara, pengine kina picha, pengine herufi moja tu. Kibonyeze usome kilichoandikwa.

Kama hakuna imeili yoyote, maneno yote yamelala kwenye diski ya kompyuta hiyo. Kijana akiwa Mbeya hayaoni, labda kama alishayanakili kabla ya kuondoka. Hapo ukifuta, yamefutika.

Kama ni imeili yako, maneno ya wateja yako kwenye akaunti yako ya Google. Maana yake yako pia kwenye simu yako, na kwenye tableti ya watoto nyumbani kama uliifungua kwa imeili hiyohiyo. Chukua simu sasa hivi uangalie, utashangaa. Kijana anayaona ikiwa tu anajua neno la siri la imeili yako, au aliwahi kuiweka kwenye simu yake siku fulani ulipokuwa safarini ukamwambia "ingia tu unitumie lile faili". Hili linakaguliwa kwa dakika mbili: ingia myaccount.google.com, sehemu ya Usalama, kuna orodha ya vifaa vyako vyote. Simu usiyoitambua, itoe hapohapo, kisha ubadilishe neno la siri la imeili.

Kama ni imeili ya kijana, basi ndiyo, anayaona yote, akiwa amelala kitandani kwake. Kila mteja aliyeingia kwenye akaunti yake pale kaunta na neno lake likahifadhiwa, limekwenda kwenye akaunti ya Google ya kijana na kushuka kwenye simu yake. Pengine hata hajui. Kwa maelezo yako, kwamba na ya kwake yamo, nahisi ndiyo hali uliyo nayo: siku ya kwanza kazini alifungua imeili yake kwenye Chrome ili atume au apokee faili, Chrome ikampokea kama mwenye nyumba, na miaka miwili ikapita.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ukiona imeili ya mtu aliyeondoka, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kumtoa. Usimtoe. Ukimtoa sasa, kompyuta yako itabaki safi na yale maneno yote yatabaki kwenye akaunti yake, wewe ukiwa nje ya mlango. Wakati akaunti yake bado imeunganishwa, neno ukilifuta pale kaunta linafutika pia kwenye akaunti yake na kwenye simu yake ikipata intaneti. Kwa hiyo unafuta kwanza, mtu unamtoa baadaye. Ila kama kwenye kile kiduara kumeandikwa kwamba usawazishaji (sync, ule uunganisho kati ya kompyuta na akaunti yake) umesimamishwa, au inadai athibitishe kuwa ni yeye, uzi umeshakatika. Ukifuta hapo, unajifutia wewe tu.

Lakini usikae ukamfutia na ya kwake. Humo mna Facebook yake, pengine mna imeili ya kazi mpya. Mpigie simu. Mmeachana vizuri, hiyo ni mali, itumie. Mwambie ukweli: "Mdogo wangu, akaunti yako bado iko kwenye kompyuta ya dukani na imebeba maneno ya siri ya wateja, njoo tuyatoe." Akija, mpe kiti, yeye ndiye abonyeze huku wewe ukimsomea majina. Anabakiza yake, ya wateja yanakwenda, ya kwako unayaandika kwanza kwenye karatasi. Kazi ya saa moja na nusu hivi, soda mbili. Akimaliza anatoka kwenye akaunti yake mwenyewe, na kwenye dirisha la kuchagua profaili (yaani chumba cha kila mtu ndani ya Chrome) mnaifuta kabisa profaili yake.

Nimesema uyaandike kwenye karatasi kwa makusudi. Chrome ina njia ya kuhamisha maneno yote kwa mkupuo, na mafundi wengi watakuelekeza huko. Inachokupa ni faili moja la CSV lenye maneno yote 340 yakiwa wazi, yanayosomeka kwa Excel kama orodha ya harusi. Kwa maneno yako wewe, tuseme ni kumi na mawili, huna haja ya kuzalisha kitu cha namna hiyo. Tena kabla hujaenda mbali, fungua folda ya Downloads kwenye kompyuta zote mbili utafute faili linaloishia na .csv lenye neno Passwords kwenye jina. Ukilikuta, kuna mtu alishahamisha, na mazungumzo yako na kijana yatakuwa na swali moja zaidi.

Sasa nikwambie linalonipa wasiwasi kuliko hata Chrome yenyewe.

Msimu mmoja wa maombi ya mikopo nilikwenda kutengeneza printa kwenye steshenari moja karibu na chuo. Foleni imefika barabarani, watoto wa kidato cha sita wameshika vyeti kwenye mifuko ya nailoni. Dogo wa kaunta alikuwa hodari kweli, vidole havionekani. Kila mteja asiye na imeili alimfungulia hapohapo, na neno la siri alilitunga yeye: jina la mteja, alama ya @, na mwaka. Asha@2023. Baraka@2023. Google ilipodai namba ya simu, mteja mmoja simu yake ilikuwa imezima chaji, dogo akaweka ya kwake. Aliyefuata hakuwa na simu kabisa, akaweka ya kwake tena. Kisha, kila mara alipoingia, kile kiboksi cha Chrome kikashuka kuuliza kama ahifadhi, na yeye akabonyeza kitufe cha bluu bila hata kukitazama, kama mtu anavyofukuza nzi. Printa niliimaliza mapema, nikabaki namtazama.

Kama kijana wako alifanya hivyo, kufuta Chrome hakumwondoi mlangoni. Mtindo wa kutunga maneno uko kichwani mwake, na namba ya kurejesha akaunti iko kwenye laini yake: siku yoyote anabonyeza "nimesahau", msimbo unaingia kwenye simu yake, akaunti ya mtu imefunguka. Sisemi ni mwizi. Nasema laini hiyo siku moja itaibiwa, au itapotea, au atampa mdogo wake. Muulize waziwazi kama alikuwa anatumia namba yake kuwafungulia watu imeili. Wateja unaowafahamu wapigie, hasa wanaosubiri majibu ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, au ya Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, kwa sababu majibu hayo yanapita kwenye imeili hizo. Waambie mambo mawili: wabadilishe neno la siri, na wakague namba ya kurejesha kwenye imeili zao. Utaona aibu kidogo. Vumilia.

Na ya kwako je? TRA, BRELA, NeST kama unaomba zabuni, imeili ya biashara na benki: yote badilisha, ukianza na imeili kwa sababu nyingine zote zinarejeshwa kupitia hiyo. Washa na uthibitishaji wa hatua mbili, ule unaodai kitu cha pili, kama msimbo wa simu, baada ya neno la siri. Fanya kwa simu yako, usifanye kwenye ile kompyuta ya kaunta. Nitakwambia kwa nini.

Kivinjari, yaani programu kama Chrome, hakijui sura za watu. Kinajua kitu kimoja tu, akaunti ya Windows iliyo wazi, na kwake akaunti moja ni mtu mmoja. Chrome hufungia maneno ya siri kwa ufunguo unaotunzwa na Windows kwa ajili ya mtumiaji huyo, kwa hiyo anayekaa kwenye kiti kile Windows ikiwa wazi, kwa macho ya programu ndiye wewe. Mwaka 2013 watu walilalamika sana kwamba Chrome ilikuwa inaonyesha maneno ya siri kwa yeyote anayebonyeza kitufe cha kuonyesha. Majibu ya upande wa Google yalikuwa kwamba mtu akishafika ndani ya akaunti yako ya Windows umeshashindwa, kufunika maneno ni kujidanganya. Baadaye walikubali kuweka ulinzi: ukibonyeza kile kijicho, Chrome inadai kwanza neno la siri la Windows. Lakini kompyuta nyingi za steshenari hazina neno la siri la Windows, unawasha umeme unajikuta ndani. Hapo hakuna cha kudai, kijicho kinafunguka tu.

Halafu kuna programu za kraki, zile za kulipia zilizovunjwa kufuli zitumike bure. Sikulaumu, najua bei ya Photoshop na najua picha za pasipoti ndizo zinazolipa pango. Ila wapo virusi waliotengenezwa kwa kazi moja tu, kukomba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye vivinjari, na mlango wao mkubwa ni hayo makraki. Mmoja wao, RedLine, ulisambaa dunia nzima hadi polisi wa Uholanzi, Marekani na nchi nyingine walipozima mitambo yake Oktoba 2024. Kirusi hicho hakihitaji mtu akae kwenye kiti: kikishawashwa kwenye akaunti yako ya Windows, kinaomba ufunguo kama Chrome inavyoomba, kinachukua kila kitu pamoja na vidakuzi (cookies, vile vijifaili vinavyokuacha ndani ya tovuti bila kuulizwa tena neno la siri), kinaondoka. Julai 2024 Chrome toleo la 127 liliongeza kufuli jingine kwenye Windows, likianzia na vidakuzi, na wezi nao wakaanza kutafuta pa kupitia. Ndiyo maana nakwambia usibadilishie maneno mapya kwenye kompyuta ambayo hujui imebeba nini. Ipeleke kwa fundi aipige Windows upya, na safari hii asikuwekee kraki. Kama bado ni Windows 10, tambua kwamba usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize fundi kama mashine inakubali Windows 11. Hapo ndipo hoja ya shemeji ya kompyuta mpya inaweza kurudi mezani, kwa sababu nyingine.

Kompyuta ikirudi kutoka kwa fundi, iwe na akaunti mbili za Windows. Moja yako, yenye neno la siri. Nyingine ya kaunta, ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Ukiinuka kwenda kula, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini inajifunga. Hiyo ya kaunta, kazi zote za wateja zifanyike Chrome ikiwa kwenye hali ya mgeni: bonyeza kile kiduara, chagua Mgeni. Linafunguka dirisha lisilo na kumbukumbu ya mtu yeyote, na madirisha yake yakifungwa, linasahau. Usichanganye na dirisha la Incognito. Incognito halitunzi historia, lakini bado linaweza kutoa maneno yaliyokwishahifadhiwa kwenye profaili uliyomo, na kwako hilo ndilo tatizo lenyewe. Mfundishe kijana mpya afunge dirisha la mgeni kila mteja anapoinuka. Asipofunga, mteja wa pili ataingia kwenye fomu ya wa kwanza. Nimewahi kuona ombi la mkopo limeambatanishwa cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine kwa sababu hiyohiyo, na kulirekebisha kulichukua wiki.

Kwenye profaili ya kawaida ya kaunta, zima kabisa ile ofa ya kuhifadhi: andika chrome://password-manager/settings kwenye mstari wa anwani, cha juu kabisa ni swichi ya kuuliza kuhifadhi. Izime. Hukohuko, kwenye matoleo mapya, ndiko kuna kufuta yote kwa pamoja. Kwenye la zamani, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, chagua muda wote, weka tiki kwenye maneno ya siri na kwenye data ya kujaza fomu. Hiyo ya pili usiisahau, maana baadhi ya majina yaliyokushukia yanatoka huko, yakiwa na namba za simu na anwani. Ila kama imeili ya kijana bado iko pale na hajaja, rudi juu usome tena.

Kuhusu maneno yako mwenyewe, sina ugomvi na kivinjari. Kwenye simu yako uliyoifunga kwa alama ya kidole, Chrome inayatunza vizuri tu, na inakuonya ukirudia neno moja sehemu tano. Dukani ndiko sitaki yakae. Ukihitaji kuingia TRA ukiwa dukani, tumia akaunti yako ya Windows, na ningekuwa wewe ningeweka Firefox kwa kazi zangu peke yake: ina kitu Chrome haina, neno kuu la siri, ambalo inakudai kabla haijatumia lolote ililohifadhi. Wapo watakaokupendekezea Bitwarden au KeePassXC, programu maalumu za kutunza maneno ya siri. Nzuri zote, na KeePassXC haihitaji hata bando. Lakini kwa maneno kumi na mawili, daftari ndani ya droo ya chumbani yenye kufuli lingenitosha, na sioni haya kusema hivyo. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua droo ya Sinza.

Sheria nitaigusa tu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ya mwaka 2022, na taarifa za wateja unazozishikilia, pamoja na zile nakala za vitambulisho vya NIDA zilizojaa Downloads, si za kwako. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa kuwa kosa, hata kama neno lake la siri unalo. Kwa hiyo wakati wa kusafisha, usiingie kwenye akaunti ya mteja "kuangalia tu kama bado inafanya kazi". Soma jina, futa, nenda linalofuata.

Kuna kitu kimoja kitakusumbua baada ya hapo. Wateja wamezoea. Atakuja mama mmoja Septemba, atasema, "Mwanangu, niingizie ile ya binti, si mnayo humo?" Ndiyo iliyokuwa inawarudisha kwako badala ya kwenda kwa jirani, na nadhani kijana alikuwa anahifadhi kwa nia hiyo pia. Chapa karatasi ndogo, nne kwenye A4 moja, zenye mistari mitatu: tovuti, jina la kuingilia, neno la siri. Kila anayefungua akaunti kwako anaondoka nayo, na mstari wa tatu anaujaza yeye kwa mkono wake, akiwa ameigeuzia karatasi upande wake. Aliyeipoteza, mnabonyeza pamoja "nimesahau neno la siri", msimbo unaingia kwenye simu yake, unamtoza kama kazi nyingine yoyote. Na simu yake ikiwa haina chaji, mwekee kwenye chaja hapo kaunta asubiri.